Kidole cha Mama Cherehani

Shule zilikaribia kufunguliwa, na Mama Cherehani alikuwa na sare arobaini za kushona. Mtaa mzima ulimwita hivyo kwa sababu cherehani yake haikunyamaza. Siku moja sindano ilimchoma kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Alifuta damu kwa kipande cha kitambaa, akaendelea.

Kesho yake kidole kilivimba. Kilikuwa chekundu, cha moto, na kilipwita. Akafanya walivyozoea mafundi wenzake: alichoma sindano kwenye mshumaa, akatoboa uvimbe. Ukatoka usaha kidogo. Akafunga kidole kwa kitambaa cha sare, akarudi kazini.

Siku mbili baadaye, jirani yake alikuja kupimwa gauni. Jirani huyo ni muuguzi.

"Shoga, tangu lini unakata kwa mkono wa kushoto? Hiyo shingo ya gauni si itapinda!"

"Kidole tu kinanisumbua."

"Hebu nione."

Muuguzi alifungua kitambaa. Kicheko kikamwisha.

"Nani amekitoboa?"

"Mimi. Lakini sindano niliichoma moto."

"Umesukuma uchafu ndani zaidi. Usaha umejifungia humo. Haya, kikunje."

Mama Cherehani alijaribu. Kidole kiligoma.

"Ukiuacha, usaha utafika kwenye kano za kukunjia kidole," alisema muuguzi. "Hapo unaweza kukipoteza. Twende kwa daktari sasa hivi."

Mumewe, fundi mwashi, alikuwa anaingia na vumbi la saruji kichwani.

"Daktari? Watamkata kidole! Na kazi ataifanyaje?"

"Shemeji, mkichelewa ndipo kitakatwa. Leo ni upasuaji mdogo tu. Halazwi wala hapewi dawa ya usingizi. Atarudi kwa miguu yake."

Wakaenda wote watatu.

Chumba cha daktari kilikuwa na kitanda, taa kali na sinia la vifaa safi. Daktari alinawa mikono, akavaa glavu, akauliza: "Kuna dawa inayokudhuru? Una kisukari? Ulichomwa lini sindano ya pepopunda?" Alimweleza kila atakachofanya, kisha akamwuliza kama amekubali.

"Nimekubali. Ila niokolee kidole, daktari. Ndicho kinachoshona."

Daktari alimchoma sindano ya ganzi kwenye shina la kidole. Iliuma kama siafu. Baada ya dakika chache alikibonyeza.

"Unasikia nini?"

"Nasikia unanigusa. Maumivu yamekwisha!"

Daktari alipasua kidogo. Usaha ukatoka. Akapasafisha, akaacha njia ili uliobaki utoke, akafunga bandeji. Kishindo kikasikika. Mume alikuwa ameketi sakafuni, jasho linamtiririka.

"Shemeji!" alicheka muuguzi. "Wewe unayepanda ghorofa tatu umeshindwa na kisu kidogo hivi?"

"Ghorofa halitoki usaha," alijibu kwa sauti ndogo.

Daktari alimpa mgonjwa vidonge, akamwambia: "Meza dawa zote hata ukipata nafuu. Inua mkono, bandeji isilowe. Rudi keshokutwa tubadilishe. Ukipata homa, au wekundu ukipanda mkononi, usingoje siku hiyo. Njoo mara moja."

Walirudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Sare zilizobaki alisaidiwa na fundi mwenzake, na Mama Cherehani alifuata kila alichoambiwa na daktari.

Wiki ya tatu, daktari alisema: "Kunja."

Kidole kilijikunja taratibu mpaka kikagusa kiganja. Mama Cherehani akaanza kulia.

"Mbona unalia na kimepona?" aliuliza mumewe.

"Niache nilie, baba watoto. Nilikuwa nimeshakiaga."

Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipiga hodi kwa muuguzi. Mlango ulipofunguliwa, alimshika mkono, akaubana kwa vidole vyote vitano.

"Taratibu, shoga, utanivunja!"

"Asante," alisema Mama Cherehani, akazidi kubana.