Skrini ya Bei Chee Iliyoniandikia Namba Yangu

Niliiweka mezani skrini ya mtumba niliyotoka kuinunua, nikachomeka waya, nikafungua ukurasa mweupe ili nianze kazi.

Ukurasa ukaniandikia namba yangu ya simu.

Hujakosea kusoma. Namba yangu mimi, tarakimu zote, kwa rangi hafifu ya kijivu, katikati ya weupe. Na juu yake maneno: KADI ZA HARUSI, MIALIKO, MABANGO. PIGA SIMU.

Nikafunga ukurasa, nikafungua mwingine. Bado ipo...

Nikazima kompyuta kabisa, nikaiwasha upya. Bado ipo.

Nikasukuma kiti nyuma. Maana maneno hayo niliyaandika mimi mwenyewe, na skrini iliyokuwa ikiyaonyesha iliibiwa humu humu chumbani mwaka jana.

Jikoni mume wangu alikuwa anaosha vyombo, anapiga mluzi.

"Vipi, inafanya kazi?" akauliza.

"Inafanya," nikasema.

Mluzi ukakatika.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, msije mkaniona chizi.

Mimi natengeneza kadi. Harusi, mahafali, misiba, chochote utakacho. Nafanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba tuliyopanga, dirisha linatazama barabarani. Siku ambazo hakuna kazi nilikuwa naigeuza skrini iangalie nje, tangazo langu likae pale kutwa nzima, wapita njia wasome. Miaka ikaenda, tangazo lile lile.

Sikujua kwamba kioo kikiachiwa picha moja muda mrefu namna hiyo, picha inagoma kutoka. Inabaki kama alama ya pasi kwenye shati.

Basi mwaka jana kiwanda kimoja cha uchapishaji kikazipenda kadi zangu. Bosi wao, mama mmoja wa maneno machache, akaniambia nitafanya kazi nikiwa nyumbani, na mshahara utakuja kila mwezi. Nianze Jumatatu.

Jamani, nilicheza peke yangu jikoni mpaka sufuria ikaungua.

Ijumaa yake nikatoka sokoni, nikakuta mlango wa chumba cha mbele uko wazi na meza ni tupu. Kompyuta yenyewe ipo, skrini hakuna. Kitasa hakijavunjwa.

"Wezi wa siku hizi wana funguo bandia," mume wangu alisema.

Yeye ni msoma mita za maji. Siku ile aliacha mita zake akaja mbio, akanikumbatia, akaenda mpaka polisi. Nililia nikashindwa hata kuongea. Akanichukulia simu mkononi taratibu.

"Pumzika, mke wangu. Wale wa kiwandani nitaongea nao mimi."

Nikampa. Unaanzaje kumnyima mumeo simu ukiwa umelala kifuani kwake unalia?

Jioni akarudi na jibu.

"Wamesema hawawezi kumsubiri mtu asiye na vifaa."

Sikuwalaumu. Niliona hata aibu kuwapigia kuwabembeleza. Nikajikaza kisabuni, nikaanza kutengeneza kadi kwenye simu kwa kidole gumba. Majina ya bibi harusi nayasoma kwa kukodoa macho, na kila jioni kichwa kinaniuma. Wateja wakubwa wakapungua, wakabaki wa kadi kumi kumi.

Karibu mwaka mzima nikaishi hivyo huku najibana.

Wiki iliyopita nikamwambia mume wangu nakwenda kutafuta skrini ya bei nafuu.

"Nikusindikize," akasema. "Usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia."

Duka lenyewe ni dogo, skrini zimepangwa hadi mlangoni. Muuzaji akatusalimia, akamwangalia mume wangu mara mbili, akaendelea na mambo yake. Mimi sikutilia maanani. Mwenye macho ya kuona mambo hayo siku ile hakuwa mimi.

Zilizonifaa zilikuwa tatu.

Ya kwanza mpya kabisa, kubwa, kingo nyembamba. Nikasoma bei, nikajifanya nimesahau kitu mlangoni.

Ya pili bei yake ilikuwa chini sana. Nikachuchumaa, nikaitazama kwa upande. Nyekundu ikageuka chungwa, na dhahabu ikawa kama haradali. Kwa mtengeneza kadi za harusi hiyo ni kesi, maana bibi harusi akiletewa kadi za rangi nyingine hakuelewi hata ulie. Nikaiacha.

Ya tatu ilikuwa ya mtumba. Kampuni ile ile ya skrini yangu iliyoibiwa, umbo lile lile, ila mguu wake ulikuwa tofauti. Waya wake unaingia kwenye kompyuta yangu bila kununua kifaa kingine. Muuzaji alikuwa ameweka filamu ya watu wanakimbizana, na rangi zilikuwa safi ukitazama kushoto, kulia, hata ukiinama. Bei chee.

"Hii," nikasema.

"Hiyo hapana," akasema mume wangu.

"Kwa nini?"

"Ya zamani. Itakufa wiki mbili."

"Mbona inaonyesha vizuri?"

"Nimesema hapana. Chukua ile mpya, nitaongezea mimi."

Sasa hapa inabidi mumjue mume wangu. Huyu ni mkono wa birika aliyekubuhu. Dawa ya meno ikiisha anakata tyubu yake kwa mkasi akwangue ya ndani. Mtu huyo alikuwa ameshatoa pochi, anataka kulipia skrini ambayo hata mimi nimeikimbia.

Nikaona ni mapenzi... Moyo ukaniyeyuka pale pale dukani. Nikasema siwezi kumuumiza mwanaume mwenye roho hii.

Nikalipia ya tatu. 

Kwa hiyo sasa mnanielewa nilivyokaa pale mezani naikodolea macho namba yangu. Nilikuwa nakumbuka ile pochi.

Asubuhi nikarudi dukani peke yangu.

"Fundi, ile skrini uliinunua kwa nani?"

Akacheka kidogo.

"Dada, unanitania?"

"Sikutanii."

Kicheko kikamwisha.

"Kwa yule bwana uliyekuja naye."

"Lini?" nikauliza.

"Alikuja mwaka jana, siku ya Ijumaa, na sare zake za kazi," akasema. "Nilidhani unajua, dada yangu. Mlivyokuja wote nikasema hawa walikwama wakauza, sasa wamepata nafuu wanarudisha chao. Nikaona aibu kuwauliza mbele za watu. Ndiyo maana nikakupunguzia."

Yaani hata bei chee niliyojisifia ilikuwa ni huruma.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Sitaki kuwadanganya, njiani nilikuwa naomba iwe ni kamari. Iwe ni deni, iwe hata mwanamke wa nje. Vitu hivyo watu huwa wanavisikia, vina majina, vina ushauri.

Nilimkuta sebuleni. Nikamwambia nimetoka dukani. Hakubisha hata kidogo, nadhani alikuwa ameshachoka kusubiri.

"Una mwanamke?"

"Sina."

"Unacheza kamari?"

"Unanijua mimi sichezi."

"Pesa uliipeleka wapi?"

Akanyoosha kidevu kuelekea jikoni.

"Si lile jiko."

Mnalikumbuka lile jiko?

Mnaonifuata hapa mtandaoni siku nyingi mnalikumbuka. Jiko la gesi lenye oveni, mume wangu amesimama pembeni yake anatabasamu. Alinizawadia wiki moja baada ya wizi, eti nipate faraja. Nilipiga picha nikaiweka hapa hapa. Nikaandika, "Nimeibiwa skrini lakini Mungu amenipa mume."

Na ninyi mkajaa kwenye maoni. "Dada mshike sana huyo." "Wanaume wa hivi wamebaki wachache." Mmoja akauliza kama ana mdogo wake wa kiume. Nilisoma yote, nikamsomea na yeye kitandani, akacheka. Yule mwanaume alicheka!

Aliuza kazi yangu, akaninunulia kitu cha kumpikia.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

Akaangalia mikono yake.

"Ulikuwa unanipita. Mshahara wako ungekuwa mkubwa kuliko wangu. Kazini walishaanza kuniita mume wa bosi. Narudi nyumbani, unaniambia chakula kiko kwenye sufuria, na macho yako hayatoki kwenye kioo."

"Ungeniambia."

"Ningekwambiaje kitu kama hicho?"

Mtanishangaa, lakini nilimwonea huruma. Alionekana mdogo, kama mtu aliyenyeshewa. Nikasema moyoni, huyu amekosa, ila ni wivu wa siku moja, ulimshika akafanya ujinga. Ndoa za watu zimepona kwa makubwa zaidi ya haya. Skrini si nimeipata? Nitaenda kiwandani mwenyewe, nitawaeleza, labda wana nafasi.

Ndivyo nilivyowaza. Ningebaki, nawaambia ukweli.

Kesho yake nikavaa vizuri nikaenda. Bosi alinikumbuka kabla sijajitambulisha. Akainuka, akanishika mikono yote miwili.

"Karibu, karibu sana. Mtoto hajambo?"

"Mtoto gani, mama?"

Akanitazama usoni, akashusha macho kunitazama tumboni, akarudi usoni. Akaniachia mikono taratibu.

"Samahani mwanangu. Ilitoka?"

"Nini kilitoka?"

Akanivutia kiti.

"Mumeo alitupigia mwaka jana, akatuambia skrini imeibiwa. Nikamwambia hilo si tatizo, tunazo za ofisi, dereva atakuletea leo leo. Akasema hapana. Akasema una mimba changa, daktari amekukataza kukaa mbele ya kompyuta, na tusikupigie kwa sababu ukikumbushwa kazi utalia."

Nikakaa kwenye kile kiti.

"Tulifurahi kwa niaba yako," akasema. "Wasichana wa hapa walikuandikia kadi ya pongezi, akaja kuichukua mwenyewe. Hukuipata?"

"Sikuipata."

Mimi nina miaka sita kwenye ndoa na sijawahi kushika mimba. Hilo sijawahi kuliandika hapa. Huwa nalilia bafuni huku bomba la maji limefunguliwa, na mtu mmoja tu duniani anajua kwa nini bomba lile hufunguliwa. Huyo ndiye aliyechukua kidonda changu akakifanya udhuru. Akapokea na pongezi zake, akazichana sijui akazitupa, akarudi nyumbani akanipangusa machozi.

Kwa hiyo haukuwa wivu wa siku moja. Skrini nyingine ilikuwa inakuja siku ile ile. Alipewa nafasi ya kuniachia kazi yangu, akakataa kwa mdomo wake, kwa sauti tulivu, akiwa ameshika simu yangu.

"Nafasi imeshapata mtu," bosi akasema. "Anafanya vizuri. Siwezi kumtoa."

"Usimtoe, mama."

Nilipofika nyumbani nikamkuta mama mkwe sebuleni. Mwanawe alikuwa amemwita aje kutusuluhisha.

"Mwanangu, kaa," akaniambia. "Hajakupiga. Halewi. Mwanamke wa nje hana. Amekununulia jiko ambalo mimi mama yake sina. Unataka nini tena?"

"Nilitaka kazi yangu, mama."

"Kazi zipo nyingi."

"Nilitaka ile."

Akaguna.

"Mama, na ile mimba amekueleza?"

"Mimba ipi?"

Nikamweleza yote, na mume wangu akiwa amekaa pale pale anasikia. Mama mkwe alimgeukia mwanawe, akamngoja akanushe. Akamngoja sana. Kisha akachukua mkoba wake, akapita mbele yake bila kumuaga, na mimi akanishika bega mlangoni.

Naandika haya nikiwa kwa dada yangu, chumba cha nyuma. Skrini nimekuja nayo. Namba yangu bado inaonekana kila nikifungua ukurasa mweupe, nimeshaizoea, nafanya kazi juu yake. Kiwanda hakitanirudisha. Wateja wangu ni wale wale wa kadi kumi kumi.

Mnaonunua skrini za mtumba, mwambieni muuzaji aondoe filamu aweke ukurasa mweupe mtupu, halafu mtazame bila haraka.

Na wewe unayefanya kazi yoyote ile, mtu akikwambia "pumzika, nitaongea nao mimi", mshukuru sana. Kisha wapigie mwenyewe. Mimi kazi yangu ilikuwa ipo, gari lilikuwa tayari kuniletea skrini, na sikujua, kwa sababu niliona aibu kupiga simu moja.

Najua kuna mtu ameshaanza kuniandikia kwamba nivumilie, kwamba hakunipiga. Asijisumbue.

Ile posti ya jiko sijaifuta. Picha ni ile ile, yeye kasimama pembeni anatabasamu. Nimebadilisha maneno tu.

Linauzwa. Gesi, lina oveni, limetumika chini ya mwaka mmoja, halina tatizo lolote. Njoo inboksi tuelewane bei. Mliomsifu mume wangu nitawahudumia kwanza.