Kisigino Juu ya Bawa

"Hivi baba, ndege ikipunguza mwendo huko juu, mbona haidondoki kama jiwe?" Ndivyo jirani yake mshonaji alivyowahi kumuuliza rubani.

Rubani alicheka, akamweleza habari ya kibao kilicho nyuma ya kila bawa, kile ambacho mafundi hukiita flapu. Ukikishusha, bawa hujikunja kama kiganja kinachoteka maji, likaushika upepo zaidi, na ndege ikaenda polepole bila kuanguka. "Lakini sharti vishuke vyote viwili," alisema. "Kimoja kikigoma, ndege inalala kama gunia lililopakiwa upande mmoja."

Siku ile, mvua nyeusi ikiwa imewafungia njia juu ya nyika, rubani alishika mkono wa kushushia flapu ili atue. Nyuma yake alikaa mama mkwe wake, mjane mcha Mungu, mwenye mwili wa kukijaza kiti, akipelekwa kumhudumia binti yake aliyekaribia kujifungua. Wakati wa kupanda ndege, kabla hawajaruka, mama alikuwa amekosea hatua, kisigino kikatua juu ya kibao cha kushoto. Chuma kikalia, kikabonyea. Rubani aliona kwa macho yake mawili. Lakini unaanzia wapi kumwambia mkweo, "Mama, shuka, umevunja ndege"? Wahenga walisema mficha uchi hazai. Hawakusema ufanyeje ukiwa mbele ya mkwe. Alikijaribu kibao, kikashuka kwa kukwaruza. Akajiambia kitatufikisha.

Hakikuwafikisha. Chini palikuwa na mto mkavu, mchanga wake mweupe umenyooka. Kibao cha kulia kilishuka. Cha kushoto kikagoma. Ndege ikalalia kushoto, ncha ya bawa ikachota mchanga, dunia ikazunguka.

Alipofumbua macho, mguu wake ulikuwa umepinda mahali pasipo na goti. Mama mkwe, damu ikimtiririka kwenye paji la uso, alikuwa anamfungua mkanda.

"Vidole vya mguu unavisikia?"

"Navisikia, mama. Niache nipumzike kidogo."

"Upumzike wapi? Sikiliza huko juu."

Ulikuwa mngurumo usiokatika. Mvua ya milimani ilikuwa imeingia mtoni.

"Panda mgongoni."

"Mgongoni kwako, mama? Siwezi."

"Haya zako zibebe mwenyewe, mimi nitabeba mwili. Panda!"

Akapanda, mwanamume mzima, uso kauficha begani kwa mkwewe kama mtoto aliyejikojolea. Mama aliparamia ukingo kwa magoti na kucha, akimwita Mola wake kila aliposhika mzizi. Nyuma yao maji ya rangi ya udongo yalifika na magogo, yakaizoa ndege. Likabaki bawa la kushoto tu, limenasa kwenye mawe.

Wakakaa pale juani. Mama aliufunga mguu kwa vijiti, akayachuja maji ya tope kwa kilemba chake, kichwa wazi, na rubani akatazama kando. Kila tone la kwanza lilikuwa la mgonjwa. Wema ule ulimchoma kuliko mfupa.

Mto ulipopungua, mama alishuka, akaking'oa kile kibao kwenye bawa, akakiburuta mpaka juu ili kiwake juani, waonekane. Na alama ya kisigino ile pale, imezama kama kikombe. Rubani akavua shati upesi, akaifunika.

"Kina makali, mama. Kisikukate."

Mama akalitazama shati, kisha akamtazama yeye. "Liondoe, baba. Tunataka chuma kiwake."

Rubani akaliondoa, na baadaye ndege ya watafutaji ikauona mng'ao ule, ikazunguka juu yao.

Kwenye chumba cha zahanati, mkewe aliingia na kichanga alichokizaa wao wakiwa hawajulikani walipo. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Ilikuwaje?"

"Upepo," rubani alisema.

"Si upepo," mama akasema, kichwa ameinamisha. "Nilikanyaga bawa. Nilisikia chuma kikilia, nikaona aibu mbele ya mkwe wangu."

Rubani akamgeukia. "Na mimi nilikuona, mama. Nikaona aibu kukwambia."

Mke aliwatazama, mmoja baada ya mwingine.

"Kwa hiyo mlistahiana mpaka mkaanguka," alisema. "Na mimi nikazaa huku nawalilia maiti."

Mama akanyoosha mikono ampokee mjukuu. Binti yake akamfunika mtoto vizuri, akamlaza begani mwake, akatoka naye.