Chombo cha Kezia na Bahari Iliyochafuka

Kila asubuhi kabla ya shule, Kezia alifagia uwanja, akawamwagia kuku pumba, kisha akashuka bondeni kwenye bwawa la samaki kujaribu chombo chake, mfano mdogo wa chombo cha kuvushia abiria baharini. Alikitengeneza kwa mabua na karatasi ngumu, kikawa na mabawa mafupi, mapana. Rafiki yake Ange alipokivuta kwa uzi, kilinyanyuka kidogo, kikateleza juu ya hewa iliyobanwa kati ya mabawa na maji.

Tangu kaka yake, Nduwayezu, afariki baharini kwenye boti iliyopinduliwa na mawimbi, Kezia hakuwa amelia. Watu wa kijiji chao cha Kitanga walisema mtoto huyu ana moyo wa jiwe. Haukuwa jiwe, ulikufa ganzi tu. Jumamosi ndugu wa ukoo wangekuja kwa kuganduka, siku ya kumaliza msiba, naye hakuhisi chochote. Alitaka jambo moja tu: mama yake aamini kwamba siku moja abiria watavuka bahari iliyochafuka na kufika salama.

Lakini bondeni upepo haufiki, na bwawa lile halikujua mawimbi. Siku Ange alipotupa jiwe majini, wimbi dogo liligonga bawa, chombo kikabiringika.

"Usimwambie mtu," Kezia alisema.

"Mdomo nimeutia kufuli," Ange alijibu, ingawa kufuli hilo kila mtu alikuwa na ufunguo wake.

Kwenye maonyesho ya sayansi mjini Kasulu, walikunja bati likawa mfereji, wakalijaza maji. Chombo kiliteleza vizuri na watu wakapiga makofi. Mwalimu wao wa sayansi, Mwalimu Manirambona, akasoma kwa sauti bango aliloandika Kezia: "Hakiogopi mawimbi." Ndipo mama, aliyevaa kitenge chake cha kanisani, akasogea karibu.

"Mwanangu, kaka yako angepanda hiki, angefika?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Kezia alimtazama mama usoni, akaona anavyolingoja neno hilo. Ange akainamisha kichwa.

"Oya, mama. Hapana." Akaingiza mkono majini, akayavuruga hadi yakafanya mawimbi. "Ange, vuta."

Bawa likapiga wimbi. Chombo kikapinduka, kikalala chali.

"Hewa inakibeba kikiwa karibu na maji tu," Kezia alisema. "Mawimbi yakiwa makubwa, kikishuka yanakigonga, kikipanda hewa hiyo inakiacha. Nilijua, nikaficha. Nilitaka uone kwamba angefika."

Hapo ganzi ikamtoka. Alilia kwa sauti, mbele ya watu wote, na hakuona haya. Mama akamkumbatia.

"Lia, mwana wanje," alisema. "Nilikuwa nakungoja."

Kezia alipotulia, Mwalimu Manirambona alimpa kalamu.

"Andika upya: chombo cha siku ya bahari tulivu. Siku za namna hiyo zipo nyingi, kwa hiyo kazi yako haijapotea. Lakini abiria anakukabidhi roho yake, Kezia. Ukimficha udhaifu wa chombo, umemzamisha kabla hajapanda. Mwambie ukweli, ili siku bahari inapochafuka abaki nchi kavu, arudi kwa mama yake."

Kezia akafuta maneno ya zamani, akaandika.