Joho la Mwalimu kwenye Video ya Nabii

– Wewe hunikumbatii, unanikagua mishono.

Teno aliyasema hayo akicheka, na wala hakumsingizia mpenzi wake. Fundi alikuwa na tabia hiyo tangu utotoni. Akimkumbatia mtu, vidole vyake vinatambaa vyenyewe kwenye kola, vinashuka mabegani, vinatafuta uzi uliolegea. Harusini atafanya hivyo, msibani atafanya hivyo, na kwa Teno alifanya kwa raha zaidi, maana nguo zote za Teno alizishona yeye.

– Simama wima basi, alimwambia, pini zikiwa zimejaa mdomoni. Ukicheka bega linapanda.

Siku hiyo hakuwa anampima shati. Alikuwa anatanua mabega ya joho la baba yake mzazi.

Joho lenyewe lilikuwa la zambarau, lenye ukingo wa dhahabu shingoni, na kanisa zima halikuwa na lingine kama hilo. Baba yake alikuwa mwalimu wa kwaya kwa miaka mingi mno, hadi watu wakasahau jina lake wakabaki kumwita Mwalimu. Ndiye aliyemchukua Teno akiwa mtoto asiye na mbele wala nyuma, akamlisha mezani kwake, akamfundisha kupumua kabla hajamfundisha kuimba, na akampa jina la Teno kwa sababu ya sauti yake. Mjini sasa hivi Teno aliitwa Nabii, lilikuwa jina lake la jukwaani. Ndani ya nyumba ile hakuna aliyelitumia.

Kisha kiharusi kilimpiga Mwalimu mbele ya kwaya, mkono ukiwa hewani. Upande mmoja wa mwili ukafa, na maneno yakabaki machache, tena ya kuvutwa kwa taabu. Kuimba ndiko kulikokwisha kabisa. Joho likatundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, na kila Jumamosi binti yake alilipiga pasi kana kwamba kesho yake mwenye joho atanyanyuka alivae. Shangazi yake Fundi, aliyekuja kusaidia kumuuguza, alikuwa akimtazama na kutikisa kichwa, lakini hakuwahi kumwambia aache.

Sasa Teno alikuja na ombi lake. Alisema amechoka na nyimbo za baa, kwamba siku ya harusi yao anataka kurudi kanisani na kuimba mbele ya mzee, ndani ya joho la mzee. Alisema anataka Mwalimu amwone hivyo akiwa bado hai. Jamani, nani angekataa? Fundi alilipeleka joho chumbani kwa baba yake, akampakatisha, akamweleza. Mwalimu alilipapasa kwa ule mkono mzima, kwa muda mrefu, halafu akaitikia kwa kichwa. Chozi lilimtoka, na Fundi akalifuta kwa kanga akiwa na furaha ambayo hakuwa ameipata tangu baba yake aanguke.

Akatanua mabega. Akaongeza upindo. Teno akalichukua, eti akajizoeze nalo.

Wimbo mpya wa Teno ulitoka katikati ya wiki. Uliitwa "Sadaka ya Midomo", na Shangazi ndiye aliyeuleta, akitoka jikoni na simu mkononi, ameishika mbali na mwili.

– Njoo uone, alisema. Na ukae kwanza.

Fundi hakukaa. Aliona madhabahu ya kutengeneza, mishumaa, na wasichana waliojifunga vitambaa vya watawa kichwani na vinguo vya kuogelea chini. Katikati yao alisimama Teno, amevaa joho la zambarau lenye ukingo wa dhahabu. Walimmwagia divai kifuani. Akalishika joho kwa mikono miwili pale shingoni akalipasua hadi kiunoni, wasichana wakapiga magoti, na yeye akaimba kuhusu godoro na mwili wa mwanamke kwa sauti ileile aliyofundishwa kumsifia Mungu.

Fundi alipiga simu palepale.

– Uko wapi?

– Redioni, mpenzi, nakaribia kuingia hewani. Umeiona?

– Nimeliona joho la baba.

Teno akaanza kuongea haraka haraka, kama mtu aliyeambiwa cha kusema. Kwamba hiyo ni kiki tu. Kwamba Meneja wake ndiye aliyepanga, na Meneja anajua soko. Wazee wa kanisa wakimlaani leo, kesho mji mzima unautafuta wimbo, na keshokutwa watu wamesahau.

– Na baba naye atasahau?

– Mwalimu hana simu, Fundi wangu. Nani atamwonyesha?

Fundi aligeuka. Mlango wa chumba cha baba yake ulikuwa wazi, na simu ya Shangazi ilikuwa bado inaimba. Mwalimu alikuwa ameshaitambua sauti. Kwa mkono wake mzima alikuwa anawaita, wamletee.

Shangazi alikataa. Fundi naye alijaribu kumpoza, akamwambia ni mambo ya vijana tu, lakini mzee alizidi kuupiga mkono wa kiti hadi wakampelekea. Aliitazama video yote, mwanzo hadi mwisho, bila kupepesa. Ilipokwisha, akauelekeza uso wake ukutani. Chakula cha jioni alikikataa, na cha kesho yake pia.

Jumapili wazee wa kanisa walisoma tamko la kumlaani Nabii, na mtu akawarekodi, na wee acha tu. Kufikia jioni wimbo ulikuwa unapigwa kila saluni, kila duka, kila gari lililopita. Wazee walidhani wanauzima moto kumbe ndio waliokuwa wanamwaga mafuta, na Meneja alikuwa amewasubiri wafanye hivyohivyo. Aibu ilimwangukia Fundi. Joho la Mwalimu lilijulikana, na aliyelitanua alijulikana pia. Akina mama wa kwaya walikuja kuchukua vitambaa vyao vyote ambavyo havijashonwa. Hawakumtukana. Walisema tu wamepata fundi mwingine, na mmoja wao, aliyemlea Fundi tangu mama yake afariki, aliondoka bila kumtazama usoni.

Teno alimwandikia kila siku.

"Najua umeumia. Nipe muda niweke mambo sawa."

"Fundi wangu, jibu hata neno moja."

"Nikija kupiga magoti mbele ya Mwalimu, utanifungulia?"

Hiyo ya mwisho aliisoma akiwa kwenye cherehani, na hakuwa na cha kushona. Msimlaumu. Alikuwa anampenda yule mwanaume, tena alimpenda tangu wakiwa watoto wanaogombania mkate mezani. Akajibu: "Njoo."

Alikuja Jumamosi alasiri, amevaa shati jeupe ambalo Fundi alimshonea kwa sikukuu yake ya kuzaliwa. Mikononi alibeba joho, limefuliwa, limekunjwa, na mpasuko wake ukionekana. Nyuma yake aliingia Meneja, mtu mnene mpole, simu yake ikichungulia kwenye mfuko wa shati. Alisema amekuja kuomba radhi yeye pia, kwa sababu wazo lilikuwa lake, akaomba kiti akakaa mbele ya Mwalimu. Hata Shangazi, ambaye alikuwa ameapa kumkaribisha kwa mwiko, alimletea maji.

Teno alipiga magoti miguuni kwa Mwalimu na kumwekea joho mapajani. Kisha akaimba.

Aliimba wimbo ambao Mwalimu aliutunga mwenyewe wiki ile aliyomzika mkewe. Haukuwahi kuimbwa kanisani. Ulikuwa wimbo wa nyumba ile tu, wa watu watatu waliobaki mezani. Teno aliuimba taratibu, bila mbwembwe, sauti ikimkatikakatika, machozi yakimshuka hadi shingoni. Na alipofika kiitikio, Mwalimu akafungua mdomo.

Mwanzoni ulitoka mkwaruzo. Halafu ikatoka noti, chini kabisa, pale besi inapoingia. Halafu neno, na neno la pili. Shangazi aliangusha kikombe. Mtu aliyekuwa anaomba maji kwa taabu alikuwa anaimba, mate yanamtoka pembeni mwa mdomo, jicho moja limefumba, anaimba.

Fundi alilia kwa sauti. Teno akamgeukia akiwa bado magotini.

– Nisamehe. Nataka kukuoa. Hata kesho, hata bila sherehe.

– Inuka, alisema Fundi. Inuka bwana, umenishinda.

Akamwinua, akamkumbatia. Alimkumbatia kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na hakuna kitu alichokitaka duniani zaidi ya kubaki palepale. Na vidole vyake, kwa mazoea, vikatambaa kwenye kola.

Chini ya mkunjo wa kola, upande wa kushoto, kulikuwa na kitu kigumu, kidogo kama punje ya mahindi. Kutoka hapo waya ulishuka ndani ya mstari wa vifungo. Shati lile alilishona yeye, kwa mkono wake, na hakuweka kitu hapo.

– Hiki ni nini?

Teno alimtazama Meneja.

– Tulia dada yangu, alisema Meneja kwa upole, bila hata kusogea kwenye kiti. Ni maiki tu. Tuko laivu. Hujui tu watu wanavyolia huko.

Fundi alivuka chumba na kuichomoa ile simu mfukoni mwa Meneja. Kabla picha haijatikisika alimwona baba yake kwenye kioo, mdomo wazi, mate kidevuni, na makopakopa mekundu yakipanda juu ya uso wake. Pembeni palikuwa na maandishi: Nabii atubu. Na mzee bado alikuwa anaimba, pale kwenye kiti, ameingia ubeti wa pili, hajui.

– Zima, Fundi alimwambia Meneja. Sijui pa kubonyeza. Zima.

– Tukizima sasa tumeua kila kitu, alisema Meneja. Nabii, mwambie.

Fundi akamgeukia Teno. Hakuhitaji kingine kwake ila neno moja, msomaji wangu. Angesema zima, nadhani angemsamehe yote, maiki, divai, wale wasichana, joho lenyewe. Teno alimtazama mzee, akaitazama simu.

– Mwache mzee amalizie ubeti, alisema.

Fundi aliitumbukiza simu kwenye jagi la maji.

Meneja alipiga kelele. Shangazi, ambaye alikuwa amechelewa kuelewa lakini akielewa ameelewa, alimshika mkono akamtoa nje hadi barabarani. Kelele zile ndizo zilizomkatiza Mwalimu. Alinyamaza katikati ya neno, akawatazama mmoja mmoja, akitafuta kosa lake ni lipi.

Teno alikuwa analia bado.

– Nililia kweli, Fundi. Naapa. Sikuigiza hata kidogo.

– Najua, alisema Fundi. Ungekuwa unaigiza ningekasirika tu. Ulikuwa unalia kweli, na bado uliweza kutuuza.

– Siku moja utanielewa.

– Vua shati langu.

Alivua. Aliondoka kifua wazi, kola ile ikabaki mikononi mwa Fundi na waya wake unaning'inia. Nje barabarani watu walishaanza kukusanyika na simu zao, wanamwita Nabii, Nabii. Hakuwageukia. Hilo nalo likarekodiwa.

Fundi alilishona joho. Alifumua mabega, akayarudisha yalivyokuwa, na ule mpasuko akauunga kwa mshono wa mkono, kwa ndani, kwa siku nyingi kuliko ilivyohitajika. Akalitundika kwenye msumari wake. Kwaya haikumrudishia kazi zote, lakini yule mama aliyemlea alikuja siku moja na gauni la mjukuu wake, akakaa naye hadi likaisha, hawakuongea mengi. Wimbo ule wa mezani alijaribu kumwanzishia baba yake, mara nyingi, asubuhi akimwosha. Mzee alimtazama tu. Tangu ile Jumamosi hakuimba tena.

Alichofanya ni kugeuza kiti chake kuelekea mlangoni kila jioni, saa ambazo Teno alizoea kuja. Mara moja moja aliuliza.

– Teno?

– Amesafiri, baba.

Kisha ukatoka wimbo mpya. Fundi alikuwa anatia uzi kwenye sindano, dirisha liko wazi, saluni ya jirani ikawasha spika. Ukaanza na mkwaruzo. Noti ya chini. Neno, na neno la pili. Ilikuwa sauti ya baba yake kutoka kwenye ile laivu, imesafishwa, imewekewa kinanda, na baada yake ikapanda sauti ya Nabii.

Aliruka kwenda kufunga dirisha.

– Acha, alisema Mwalimu.

– Baba, si kitu, ni watu wa saluni.

– Acha.

Akaacha. Mwalimu alisikiliza akiwa amefumba macho. Kidole kimoja cha mkono mzima kikaanza kupiga mapigo kwenye mkono wa kiti, polepole, kama zamani mbele ya kwaya. Sauti ya Teno ilipofika kileleni mwa kiitikio, kidole kilisimama, na mzee akakunja uso.

– Hajapumua, alisema. Mwite. Nimrekebishe.

Fundi alirudi kwenye cherehani akakaa. Akainamisha kichwa juu ya kitambaa ili baba yake asimwone, akasema sawa baba, nitamwita.