Aliyemnywesha Mgonjwa wa Kitanda cha Sita

Kama wewe ni mwoga, washa taa kwanza. Mimi kazi yangu ni kusimulia. Kukubembeleza ulale simo.

Jua lilikuwa linazama Sista Mwewe aliposukuma machela kwenda kumchukua mgonjwa wa kitanda cha sita. Wodini walimwita Mwewe kwa macho yake: kosa halimpiti. Na mwenyewe kwa kujisifu, acha tu! Mgonjwa huyo alikuwa mama yake mdogo, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Kifuko cha nyongo kilishaanza kuoza. Upasuaji haukuweza kungoja kesho.

Juu ya kitanda kilining'inia kibao: ASILE, ASINYWE. Tangu jana usiku. Mara mbili chumba cha upasuaji kilijaa, mara mbili akarudishwa, na kibao hakuna aliyekigusa.

"Haya bibi harusi, gari limefika!" Mwewe akamtania. Akamvua hereni, akamtoa meno ya bandia, akamvalisha gauni la kijani. "Hujala wala hujanywa, eti mama?"

"Kula sijala. Maji kanipa mwenzako."

Mwewe akatazama huku na huku wodini.

"Mwenzangu yupi? Zamu hii niko peke yangu."

"Yule mwembamba... midomo imempasuka, maskini. Kaninyanyua kichwa, akaninywesha. Kikombe chenyewe hakiishi."

Kikombe hakikuwepo. Ila mto ulikuwa umelowa, na ulinuka... udongo. Udongo wa kaburi bichi.

Hapo sasa! Akisema, watamcheka: Mwewe kaporwa kifaranga na kivuli. Asiposema, maji yatapanda akiwa kwenye usingizi wa dawa, yaingie mapafuni, na mama mdogo hataamka.

Akazimeza sifa zake zote. Mlangoni kwa daktari akanong'ona, "Amekunywa. Kosa ni langu."

Daktari hakucheka. Akapitisha mpira puani mpaka tumboni, wakavuta.

Yakatoka maji.

Meusi.

Yakajaza chupa, ya pili, ya tatu... Tumbo gani hilo? Daktari jasho likamtiririka. Yalipokatika, ndipo akashika kisu.

Mama mdogo alitoka salama. Mwewe akakataa kwenda nyumbani. Akamlaza ubavu, akampima presha, akalowesha pamba na kumpangusa midomo. Mfagizi mzee wa wodi, aliyekwisha kuisikia habari, akaegemea fagio lake.

"Mwembamba, ee? Alikuwa mgonjwa wa kitanda hichohicho, miaka ile. Alikatazwa kula na kunywa, angoje kupasuliwa. Wakamsahau siku tatu. Aliomba maji mpaka sauti ikakauka, akafa na kiu yake. Sasa akimwona aliyesahauliwa, anamhurumia."

"Huruma gani ya kuua watu!"

"Yeye anajua kiu tu, mwanangu. Mengine hayajui."

Mzee akaenda zake. Mwewe akatazama saa, akahesabu pumzi za mama yake, kama afanyavyo kwa kila aliyetoka kupasuliwa. Kumi na nne kwa dakika. Vizuri. Akarudia kwa kusikiliza, kuhakikisha.

Ishirini na nane.

Akaweka kiganja kifuani mwa mama mdogo. Kifua kilipanda taratibu, kikashuka. Lakini baada ya kila pumzi ilikuja nyingine, kavu, inakwaruza...

Chini ya kitanda.

Mwewe hakuinama kutazama. Akaichukua pamba iliyolowa, akaiteremsha polepole, polepole, kuelekea sakafuni.

Ikapokewa.