Bamba Chini ya Landrova

Landrova ilirudi nyuma kwa fujo, ikawatawanya wauza sukumawiki wa kituo cha Kawangware 46, ikasimama karibu kabisa na mtungi wa gesi wa Walubengo, fundi wa kuchomelea vyuma. Fundi aliruka na nyundo mkononi, tusi limemjaa mdomoni. Mlango ukafunguka, akashuka msichana wa ovaroli ya buluu na kitambaa chekundu kichwani. Tusi likamezwa.

"Sasa, fundi. Umeogopa?"

"Niogope nini? Nilikuwa nakupisha, mrembo."

Msichana akacheka. Aliitwa Amondi, mkaaji wa Lindi kule Kibera, dereva wa kliniki ya kuzunguka iliyopeleka dawa Turkana. Mawe ya huko yalikuwa yamepasua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, oili ikamwagika yote njiani. Sasa alitaka bamba nene la chuma lifungwe chini ya injini, mawe yagonge hilo kwanza.

Walubengo akajilaza chini ya gari, akakata kipimo cha katoni, akakijaribisha, akakikata tena. Amondi alilala kando yake akimmulikia tochi. Harufu ya mafuta ya nazi ya nywele zake ikachanganyika na ya grisi. Chuma chenyewe hakijaguswa, na Walubengo alishajua amekwisha.

Jumapili Amondi alivaa gauni la manjano, akampeleka kula samaki Lindi.

"Kula polepole. Samaki hatoroki."

"Wewe ndiye utatoroka," Walubengo akasema.

Amondi akaacha kucheka. "Bamba likiisha naenda, Walu. Na kwa hizi mvua za El Nino, nitakaa huko mpaka barabara zifunguke."

Usiku huo Walubengo hakupata usingizi. Bamba alilimaliza vizuri: akalikunja kingo, akalitoboa matundu ya bolti, akaliachia na tundu la kumwagia oili. Kisha akalilaza nyuma ya mapipa, akalifunika magunia. Akaenda kwenye kibanda cha simu.

"Chuma bado hakijaja, mpenzi."

"Bado tena? Ofisini wananipigia kelele!"

"Si ndiyo utakuja kuniona kesho?"

"Wewe! Utanifutisha kazi." Lakini alikuwa akicheka, na Walubengo alirudi kwenye karakana yake akipiga mluzi.

Alasiri moja Amondi alikuja kwa miguu, viatu vimejaa matope, kichwa wazi. Ofisi ilikuwa imechoka kungoja, ikamtuma dereva mwenzake, Ojwang, na gari kuukuu. Jiwe lilipasua sampu, injini ikakwama katikati ya mto mkavu. Ojwang alikuwa akilisukuma gari maji yalipokuja ghafla yakambana nalo.

"Wamemkata mguu," Amondi alisema, akajibwaga juu ya magunia nyuma ya mapipa.

Chuma kikalia. Akainuka, akavuta gunia.

"Hii ni ya nani?"

"Yako."

"Imeisha lini?"

Walubengo akatazama chini. "Niliogopa, Amondi. Ukienda..."

"Natoka hospitalini sasa hivi kumshikilia mke wa Ojwang! Na mimi nilikuwa nakutetea ofisini!"

Aliondoka bila kugeuka.

Siku chache baadaye Amondi alipoileta Landrova, hakumsalimu. Walubengo aliingia chini peke yake, akafunga bamba, akakaza kila bolti. Alipotoka, alisimama kwenye dirisha la dereva.

"Nilienda kwa Ojwang. Nimemwambia yote."

Amondi akamtazama kwa mara ya kwanza. "Akasema?"

"Aligeukia ukuta."

Amondi aliinamisha paji la uso kwenye usukani. "Shida yangu ni kwamba bado nakupenda."

"Nikungoje?"

"Ngoja. Lakini mimi hiyo kazi siachi, Walu. Na usinidanganye tena, hata kwa mapenzi."

Akamgusa shavu, akauacha mkono hapo kidogo, kisha akaingiza gia.

Jioni hiyo Walubengo alifunga kazi mapema, akanunua machungwa, akaenda hospitalini. Ojwang alimwona akiingia, akageukia ukuta. Walubengo akavuta kiti, akakaa.