Udi Chini ya Picha

Asubuhi ile mtoto wa Mwanapili alikataa ziwa, akageuza uso ukutani na kucheka. Alikuwa bado mchanga mno kujua kucheka.

Ukutani palikuwa na picha ya mwimbaji wa kike wa ng'ambo, ukurasa mzima wa gazeti la rangi. Msellem, mumewe, alilinunua melini akitoka Tanga, akaubandika ukurasa kwa uji wa unga ili mkewe asichoke kukaa ndani mpaka arobaini iishe.

"Huyo bibi bega wazi ndiye amshughulishaye," alitania Bi Kijakazi, mama yake Msellem. "Nawe jipambe, mwanangu, mtoto akuone."

Mwanapili hakucheka. "Mama, jana midomo yake ilikuwa imefumba."

Waliitazama picha wote wawili. Meno yalionekana.

Adhuhuri chumba kilinuka maziwa yaliyochacha. Mtoto, ambaye midomo ilikwisha anza kumkauka, akawa anafyonza hewa kuelekea ukutani, akimeza, akimeza tena, huku karatasi ikivimba na kunywea pale kifuani pa yule mwanamke kana kwamba inapumua, ingawa dirisha lilifungwa na nje hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani.

"Atanifia, mama," Mwanapili alinong'ona.

Alasiri aliletwa Bi Time, mganga. Alisimama mlangoni, akanusa.

"Udi wa mzazi mnafukizia wapi?"

"Hapo chini ya picha," alijibu Bi Kijakazi. "Ndipo penye nafasi ya chetezo."

"Kila magharibi?"

"Kila magharibi."

"Subhanallah! Mmemwekea jini sura, kisha mkamfukizia. Asikae kwa nini?"

Alisoma dua, akarowesha ukurasa kwa marashi, akaubandua taratibu. Ukuta nyuma yake ulikuwa na joto kama mwili. Mtoto alipiga ukelele mmoja, kisha akaligeukia ziwa la mama yake, akalinyonya kwa pupa hata Mwanapili akalia kwa maumivu na furaha.

Bi Time aliufunga ukurasa ndani ya kaniki. "Yako mangapi magazeti haya?"

"Langu moja tu," alisema Msellem, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Lakini melini wengi walinunua. Hata Bakar, jirani yetu, kampelekea mkewe. Naye yumo ndani, kajifungua juzi."

Bi Time aliinua kidole wanyamaze. Jua lilikuwa linatua, na kutoka nyumba ya pili udi ulianza kunukia.